Mwaka Tulipolisha Vimelea

Upepo wa ziwa ndio ulioanza. Tulikuwa Kajaga, uani kwa marehemu rafiki yangu Goreti, siku ya kuganduka, siku ile ambayo sisi wa Burundi tunavua msiba wa mtu aliyetutoka na kuruhusiana kurudi kwenye maisha. Viti vya plastiki vilipangwa chini ya turubai, bia ya ndizi ilikuwa inazunguka, na juu ya meza ndogo, mbele ya picha ya Goreti, binti yake Kaneza alikuwa amewasha mshumaa mweupe. Upepo ukauzima. Akauwasha tena, ukazimika tena. Mwishowe akaingia jikoni, akarudi na chupa kubwa ya kioo ya kuwekea sukari, akaigeuza juu chini na kuufunika. Mwali ulisimama wima na kutulia, watu wakasema, "Voilà." Mimi peke yangu niliendelea kuutazama, kwa sababu nilijua kitakachofuata. Ulirefuka, ukawa mwembamba, ukageuka buluu kwenye shina, kisha ukafa na kuacha uzi wa moshi ndani ya kioo. Niliinuka ghafla hadi kiti kikaanguka. Moyo uliokuwa unanidunda ulikuwa wa msichana, si wa mwanamke niliye sasa, mwenye wajukuu na magoti mabovu.

"Tanti Spes, uko na nini?" Kaneza aliuliza, akiniokotea kiti.

"Naogopa iyo chupa," nikamjibu.

Alicheka, akidhani natania. Kisha aliniangalia vizuri, akaacha kucheka. "Nilikuwa nimesahau, mama naye aliogopa chupa," akasema. "Hakutaka kabisa kuona mutu anafunika mushumaa. Hakuwahi kuniambia sababu." Nilimwambia sababu yake ni ndefu, na kwamba yeye mwenyewe yumo ndani yake, ingawa alikuwa bado hajazaliwa. Alivuta kiti karibu. Niliyomsimulia alasiri ile ndiyo ninayoandika hapa, nikiongeza yale ambayo mtu hukumbuka baadaye akiwa ndani ya teksi.

Mwaka ule soko kuu la Rohero lilikuwa bado limesimama na klorokini ilikuwa bado inaponya. Mimi na Goreti tulifanya kazi katika nyumba ndefu iliyokuwa hapo hapo Rohero, nyuma ya ofisi za serikali, yenye madirisha ya chuma na harufu ya pombe kali ya maabara iliyochanganyika na majani makavu. Kazi yetu ilikuwa kutafuta dawa ya malaria ndani ya mimea. Watu husikia maneno hayo na kufikiri mtu huchuma jani, akalisaga, akapata dawa. Siyo hivyo, na sioni kwa nini jambo zuri lifichwe nyuma ya maneno magumu. Tulichukua majani ya umubirizi, ule mti mchungu ambao watu wa Carama waliupanda kwenye nyua zao na kuuchemsha kila mtoto aliposhikwa na homa. Tuliyakausha kivulini, tukayatwanga, tukayaloweka kwenye pombe hadi pombe ikawa ya kijani iliyoiva. Pombe ikishatolewa kwa mvuke, kinabaki kitu kizito kama lami, na ndani yake mna mamia ya vitu. Kimoja huenda kinaua vimelea vya malaria, kingine huenda kinaua mtu. Ndipo unakipitisha kwenye bomba la kioo lililojaa unga mweupe, na vitu vile vinashuka kwa mwendo tofauti, kila kimoja na rangi yake, kama watu wa mji mmoja wanaotoka kanisani na kila mmoja anashika njia ya kwao. Tulikinga kila rangi katika chupa yake na kuiita sehemu: ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo.

Kujua sehemu ipi inaua vimelea, lazima uwe na vimelea vilivyo hai. Hapo ndipo hofu ilipokuwa inaishi. Tulivifuga. Vilikaa katika vyombo vidogo vya kioo, ndani ya damu ya watu, na kila siku tulivilisha maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu damu ikitulia. Vimelea hivyo havipendi hewa nyingi. Basi vyombo vilipangwa ndani ya mtungi mkubwa wa kioo pamoja na mshumaa uliowashwa, mfuniko ukasogezwa ukabakiza ufa, na mwali ulipoanza kufa ndipo ufa ulipozibwa. Mshumaa ulikuwa umekula hewa kiasi kilichotakiwa. Ukiuziba mapema au ukichelewa, unakuta kazi ya miezi imekufa. Mwenye mkono wa kazi hiyo alikuwa Rajabu, fundi wetu, mtu mzima wa Buyenzi mwenye kofia nyeupe na mzaha usiokwisha. Mishumaa mizuri ilipatikana kwenye duka la masista, na yeye ndiye aliyetumwa.

"Wallahi, mi ni Musilamu wa kwanza wa Buyenzi mwenye masista wanamujua jina," alikuwa akisema. "Juzi mumoja ameniuliza nabatizwa lini."

"Na ukamujibu nini?" Goreti akamchokoza.

"Nikamwambia masoeri, mi nalisha malaria na mushumaa wako. Ameruka nyuma kama ameona nyoka!"

Tulicheka, lakini hakuna aliyeacha kuutazama mwali. Dokta Melkiori, mkuu wetu, mwanamume mwembamba aliyesoma nje na kurudi na tabia ya kuongea polepole, alisimama nyuma yetu kila asubuhi mtungi ulipofunguliwa. Umeme ulipozimika mjini, niliacha sahani hata kama nilikuwa Bwiza nakula, kwa kuwa vimelea viliishi kwa joto la kabati la umeme.

Bwiza ndiko tulikopanga, mimi na Goreti, chumba kimoja chenye pazia katikati. Nakijua chumba kile kuliko nyumba ninayoishi leo: jiko la makaa mlangoni, sufuria ya maharagwe, ndagala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa hadi wakalia chini ya meno, ukuta wa mbao ambao sauti za jirani zilipita kama hakuna ukuta. Mume wa Goreti, Deo, alikuwa mwalimu mkoani Ngozi na alishuka mjini mara chache. Goreti alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilizotangulia zilitoka, na zote mbili zilitoka hospitalini, akiwa ametundikiwa chupa ya kinini kwa malaria, kwa kuwa klorokini alikuwa akiitapika yote. Kwa hiyo kwake jambo lilikuwa wazi, na kwa wanawake wa jirani pia. Nilikuwa nikiwasikia nyuma ya mbao jioni wakichambua mboga za lengalenga. "Kinini inatoa mutoto," mmoja anasema. "Ego, hata dada yangu," mwingine anaitikia. Leo ningewaeleza kwa utulivu kwamba malaria yenyewe ndiyo inayotoa mimba, na mara nyingi kinini hufika mwizi akiwa tayari ndani, kisha lawama zinamwangukia aliyekuja kusaidia. Lakini siku zile sikuwa na hakika hiyo. Nilimsikia Goreti upande wa pili wa pazia akiongea na tumbo lake kwa sauti ya chini, nami nilikuwa naogopa kama yeye.

Maji ya damu ya kulisha vimelea yalitoka kwetu sisi wenyewe. Siyo kila damu inafaa. Yanayopatana na damu yoyote ni ya watu wa kundi la AB, nao ni wachache. Katika nyumba yetu yote mwenye kundi hilo alikuwa Rajabu. Ilikuwa desturi yetu kwamba siku anapotoa damu, tunakula pamoja: maini ya mbuzi yaliyopikwa na kitunguu kingi, wali, na lengalenga, vyote vimetandazwa kwenye meza ya mizani iliyofunikwa kitambaa. Kabla ya sindano Dokta alimuuliza swali moja, lile lile siku zote.

"Rajabu, uko muzima?"

"Muzima kabisa, Dokta. Njaa tu."

Tulikuwa na desturi nyingine, ambayo mtu yeyote aliyelelewa katika nyumba ya Kirundi ataielewa. Hufungui gunia jipya la maharagwe wakati la zamani halijaisha. Chupa mpya ya maji ya damu ilipopatikana, ile ya zamani haikumwagwa. Dokta alielekeza itumike kwanza kwa vyombo vya shahidi. Shahidi ni chombo chenye vimelea vilevile ambacho hakitiwi dawa yoyote. Kazi yake ni kukuambia vimelea vingekuwaje kama usingefanya kitu. Vimelea vya shahidi vikistawi na vyenye dawa vikifa, unajua dawa ndiyo iliyoua. Shahidi hapewi dawa, basi tuliona chakula cha zamani kinamtosha, na kile kipya kiende kwenye kazi muhimu. Hakuna aliyeona ubaya. Ilionekana kama akili ya nyumbani.

Ndipo ikaja sehemu ya nne, mara tu baada ya chupa mpya ya Rajabu kufunguliwa. Ilishuka kwenye bomba ikiwa na rangi ya asali, na Goreti ndiye aliyeipima. Unapaka tone la damu kwenye kipande cha kioo, unalitia rangi, unaweka chini ya hadubini, na kimelea kinaonekana ndani ya chembe ya damu kama pete nyembamba ya buluu yenye kijiwe chekundu. Goreti alitazama kwa muda mrefu akisogeza kioo. Kisha akaniita bila kuinua kichwa.

"Spes. Kuja. Angalia, unionyeshe pete hata moja."

Nilitafuta. Hakukuwa na kitu. Chembe zilikuwa safi, za waridi, duara, kama hazijawahi kuugua. Tukatazama shahidi: pete kila mahali. Dokta alitazama naye, akavua miwani, akaipangusa, akatazama tena. Uso wake haukuwa na furaha. "Musiambie mutu," akasema. "Tutarudia. Mara nyingi." Rajabu alitaka kupiga vigelegele, Dokta akamzuia kwa mkono. Tuliporudia, vyombo vya dawa vikalishwa kutoka kwenye chupa ileile mpya, shahidi akala ya zamani, na vioo vya dawa vilikuwa safi tena. Goreti alitembea kurudi Bwiza akishika tumbo kwa mikono yote miwili, na sijawahi kumwona mtu amebeba tumaini wazi namna ile.

Haikupita muda, homa ikamshika. Alijitoboa kidole mwenyewe kazini, akajisomea kioo, akanisogezea hadubini. Nilipoinama kutazama, pete zilikuwepo. "Twende hospitali," nikamwambia. "Apana," akajibu, na alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kutokea. Njiani alinunua kifungu cha umubirizi kwa mwanamke wa Carama aliyekuwa akiuza kando ya barabara. Chumba chetu kilijaa uchungu. Ulikuwa unaingia hadi kwenye mkate.

"Goreti, ile ni sehemu ya nne, si majani ya sufuria," nilimsihi.

"Sehemu ya nne inatoka wapi? Inatoka ku majani. Nitakunywa mingi."

"Basi kunywa, lakini na hospitali twende."

"Watanipa kinini." Alishusha kikombe. Midomo yake ilikuwa imekauka. "We Spes, uliangalia na macho yako. Uliona pete?"

"Sikuona."

"Basi unaniambia niache kitu chenye nimeona, nifuate kitu chenye kimeniua watoto wawili?"

Nilimjazia kikombe tena. Hiyo ndiyo hofu ninayotaka msomaji aielewe. Sikuogopa kwa sababu nilijua amekosea. Niliogopa kwa sababu nilifikiri huenda yuko sahihi. Asubuhi alijisikia nafuu kidogo, akatabasamu, akaniambia nimwambie Dokta amechoka tu. Malaria hufanya hivyo: hukuachilia kwa muda, ukadhani umepona. Nilikwenda kazini na kuacha birika la umubirizi karibu na mkeka wake. Mwanamke wa jirani alikubali kumchungulia.

Siku hiyo ilikuwa ya maini. Chupa ya zamani ilikuwa imekwisha na Rajabu alikuwa ametoka kutoa damu tena. Mkono wake ulikuwa umekunjwa juu ya pamba. Aliketi mahali pake pa heshima, mwisho wa meza, akijaziwa sahani. Alikuwa anamsimulia mpishi aliyetuandalia maini habari zake, na mimi nilisikia kwa sikio moja kwa kuwa jingine lilikuwa Bwiza.

"Leo nakula bila kutetemeka," alisema. "Ile mara ingine, yoo! Mi nilikuwa nimetoka tu ku homa. Wiki nzima bibi ananifunika mablanketi kama mugonjwa wa baridi ya Ulaya."

"Na ukakuja kutoa damu?" mpishi akashangaa.

"Nilikuwa nimepona! Bibi alinisimamia kama polisi nikameza klorokini yote mpaka mwisho. Dokta aliniuliza niko muzima, nikasema niko muzima. Nimedanganya?"

Uma wa Dokta ulisimama hewani. Naukumbuka uma ule, kipande cha ini kilikuwa kinadondosha mchuzi kwenye kitambaa. Klorokini haitoki mwilini mtu akipona. Hubaki kwenye damu kwa wiki nyingi. Rajabu hakudanganya hata neno moja. Kila mtu wa Bujumbura alimeza klorokini alipohisi baridi mgongoni, kama anavyokunywa maji akihisi kiu. Haikuwa habari ya kutoa, na hakuna aliyemuuliza. Maji ya damu yake, yakiwa na dawa ndani, yalikwenda kwenye vyombo vya sehemu ya nne. Shahidi alikuwa anakula ya zamani. Kilichosafisha vile vioo kilitoka kwenye mkono wa Rajabu.

"Dokta," nilisema. "Goreti yuko ku nyumba. Yuko na malaria. Anakunywa umubirizi tu."

Dokta hakuuliza swali. Alichukua ufunguo wa gari ukutani. Rajabu aliacha sahani, pamba ikaanguka mkononi mwake, damu ikamchirizika hadi kwenye kidole bila yeye kujua. Ndani ya gari alikuwa akirudia, "Niliuliziwa niko muzima, nikasema niko muzima," na Dokta, akipiga honi kwenye mzunguko wa barabara uliojaa baiskeli za ndizi, alimjibu kwa upole ule ule wa kila siku: "Rajabu, swali ndilo lilikuwa baya. Swali lilikuwa langu."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni amejishika kichwa. Goreti alikuwa ameketi sakafuni akiongea na pazia, akilipangia kazi za nyumbani, na aliponiona aliniita kwa jina la mama yake. Birika lilikuwa tupu. Rajabu alimwinua kama mtoto. Njia nzima hadi hospitali nilikuwa nimeweka kiganja juu ya tumbo lake nikisubiri kitu kisogee, na kila gari liliporuka shimo nilidanganyika kwamba nimehisi.

Walimpa kinini. Yeye ambaye angekataa hakuwa na akili ya kukataa, na mimi niliyejua hofu yake ndiye niliyemshikilia mkono sindano ilipoingia. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, alinieleza kila hatua kama ninavyojaribu kueleza hapa. Kinini hushusha sukari, hasa kwa mjamzito, basi chupa ya maji ya sukari iliningʼinizwa kando ya chupa ya dawa. "Na mtoto?" nikauliza. "Kwanza tuondoe homa," akasema. "Mtoto anaishi ndani ya mama." Nilikaa sakafuni kando ya kitanda cha chuma nikitazama matone yakidondoka, nikiogopa kila moja na nikiogopa zaidi yasije yakasimama. Rajabu alikuja na uji wa mtama wa nyumbani kwake, akaketi mlangoni kwa kuwa aliona haya kuingia.

Alipopata fahamu, jambo la kwanza Goreti alilofanya ni kuitazama chupa iliyokuwa juu yake. Alielewa. Nilimweleza kuhusu Rajabu, polepole, na machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, lakini hakungʼoa sindano. Akasema tu, "Sitaki wanisomee wao. We njo unisomee." Kwa hiyo kila siku nilichukua tone la damu yake, nikalipeleka Rohero, nikazihesabu pete za rafiki yangu kwa hadubini ambayo yeye alikuwa akiitumia. Zilipungua. Kisha siku moja kioo kilikuwa safi, cha waridi, kizuri kama kile cha sehemu ya nne, na badala ya kufurahi nilikisogeza tena kutoka pembe hadi pembe, nikitafuta pete.

Nilirudi kumwambia. Alikuwa ameketi, anakula ndizi.

"Safi?"

"Safi."

Alitafuna akinitazama. "Na shahidi?"

Niligeuka, nikarudi Rohero kwa miguu. Nilikuwa nimehifadhi kioo cha siku ya kwanza ambacho hakijatiwa rangi. Nilikitia rangi pamoja na kile kipya, kwenye bakuli moja, kwa rangi moja, kwani kama rangi ilikuwa mbovu hata kioo chenye pete kingeonekana safi, nikavitazama kimoja baada ya kingine. Cha kwanza kilijaa pete. Cha pili hakikuwa na kitu. Ndipo nilipokaa kwenye kiti chake na kulia hadi Dokta akanifungia mlango ili watu wasiingie.

Sehemu ya nne tuliirudia kwa njia ya haki: maji ya damu ya chupa moja kwa vyombo vyote, na swali jipya kwa Rajabu, "Umemeza dawa gani?", ambalo alilijibu kila mara kwa urefu wa hotuba. Ilivipunguzia vimelea nguvu kidogo, haikuviua. Vijana wanaosoma sayansi wakisikia hapo huinamisha kichwa, nami huwaambia wainue. Jibu dogo la kweli bado ni jibu. Klorokini yenyewe baadaye ilichoka, na dawa inayotuponya leo ilitoka kwenye jani la mmea mwingine, mbali na hapa, mikononi mwa watu ambao bila shaka nao walisimama mbele ya vioo safi wakiogopa.

Kaneza alisogeza kiti chake karibu zaidi. Watu walikuwa wameanza kuimba chini ya turubai. "Nilipozaliwa," akauliza, "mama alisema nini?"

"Ulilia. Wakakuweka juu yake. Akakuangalia, kisha akaniangalia mimi. 'Spes,' akasema, 'na wewe unamuona?'"

Alijifunika uso kwa kitenge, na sikujua kama anacheka au analia. Nikaiinua ile chupa ya sukari, nikautoa moshi, nikawasha mshumaa tena. Niliporudisha chupa, niliweka njiti mbili za kiberiti chini ya ukingo wake ili hewa iingie. Mwali ulirefuka, ukasita. Kaneza alinishika mkono. Tukautazama wote wawili hadi tulipokuwa na hakika.